Hedi Haifi, Inauawa

Injini ikitaka kufa haikutumii meseji. Inapandisha mshale wa joto tu, kimya kimya, huku nyie mnabishana nani abadilishe wimbo. Ndivyo ilivyotukuta mwezi wa sita, tunatoka shamba na Hilux ya mjomba, magunia ya ufuta yamepangwa hadi yamepita kichwa cha gari, tunaelekea ghala la chama cha ushirika, AMCOS, Mnero. Kilima cha mwisho mchuma ukaanza kuvuta pumzi kama mzee mwenye pumu. Tanboi akapiga bodi makofi mawili. Kabla mjomba hajakanyaga breki, mvuke ukafumuka mbele kama mtu kafunua sufuria la pilau la harusi.

Mjomba akashuka na dumu la maji. Mimi nikaruka kutoka juu ya magunia.

"Mjomba, samahani, usiguse mfuniko wa rejeta!"

"Mpwa wangu, gari linaungua, unasema nisiguse?"

"Ukiufungua sasa hivi, utaungua wewe kabla yake."

Tukakaa chini ya mkorosho karibu saa nzima, tukiisikiliza injini inavyotoa vijimlio vya chuma kinachopoa. Wanangu, hili liwe la kwanza kichwani: rejeta ya moto ina maji yaliyobanwa, na ukilegeza mfuniko yanakurukia usoni. Halafu ukimwaga maji ya baridi kwenye chuma kinachochoma, chuma kinaweza kupasuka palepale. Subira ya dakika hizo ni rahisi kuliko injini.

Mjomba alitaka tuongeze maji tusogee hivyohivyo. Nikamwomba tusiiwashe. Likaja trekta la jirani, tukafunga kamba, Hilux ikavutwa hadi Mnero Miembeni kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Aibu yake sio poa. Watoto wanakimbia nyuma, kijiwe kizima kimesimama. Lakini nani anayejali aibu wakati ufuta bado uko juu ya bodi na mnada hausubiri mtu?

Kijiwe kikakaa kama bunge

Kwa asiyejua kitaa chetu: Mnero Miembeni ni kata ya wilaya ya Nachingwea, na jina halidanganyi, miembe ipo. Gereji yetu ndiyo hiyo. Haina bati wala ukuta. Ina mwembe, turubai, matofali, na benchi ambalo zamani lilikuwa la darasani. Tulianza na pikipiki, maana hapa kila geto lina Boxer au TVS mlangoni. Hedi ya pikipiki inayopozwa na upepo ni shule nzuri kinoma: silinda moja, nati nne kubwa, hakuna maji, hakuna rejeta. Ukiharibu, umeharibu kidogo. Mshkaji wangu wa bodaboda alishafungua hedi za pikipiki nyingi hadi anazijua kwa kupapasa gizani.

Hilux ni level nyingine. Hii ya mjomba ina injini ya 3L, dizeli, lita 2.8, silinda nne kwenye mstari. Dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Inabana upepo zaidi ya mara 20 mpaka unakuwa moto wa kuwasha mafuta wenyewe. Sasa fikiria ule mbano wote unazuiwa na nini. Chini kuna bloku, ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Juu kuna hedi, yenye vavu, nozo na njia za maji na oili. Katikati kuna karatasi moja ya chuma na nyuzinyuzi, gasketi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha moto, maji na oili havisalimiani. Siku vikisalimiana, umeisha.

Kijiweni kila mtu alikuwa daktari. Wa kwanza: "Hiyo imeunguza gasketi tu, weka mpya, twende." Wa pili: "Hapana, imenoki, tafuta injini nzima." Wa tatu, huyu ni fundi maiko wa kiwango cha juu kabisa, akasema tumwage unga fulani ndani ya rejeta uzibe penye ufa. Yule hata gari hajaliona, yuko upande wa pili wa barabara anakula mhogo.

Mimi nikasema tusimhukumu mtu kabla ya kesi. Tukaangalia ushahidi. Tulichomoa kijiti cha oili: rangi kama chai ya maziwa. Hiyo ni maji yameingia kwenye oili. Tukaongeza maji injini ikiwa imepoa kabisa, mfuniko wazi, tukaiwasha kwa sekunde chache: mapovu yakaja juu kama soda iliyotikiswa. Huo ni upepo wa kwenye silinda unaotorokea kwenye maji. Moshi wa nyuma mweupe, mzito, una unyevu. Dalili tatu, zote zinanyoosha kidole sehemu moja. Tukazima. Hedi inashuka.

Binamu mwenye daftari

Hapa nimpe mtu sifa zake. Binamu yangu wa kike kamaliza fomu foo, hana mbwembwe, alikuja tu kuleta uji. Akatuona tunaanza kung'oa mipira ya maji na waya, tunatupa bolti kwenye sufuria moja, akauliza: "Sasa mtajuaje ipi ilitoka wapi?"

Mshkaji akasema atakumbuka.

Binamu akacheka, akaenda ndani, akarudi na daftari, kalamu ya wino mzito, gundi ya karatasi na boksi la biskuti. Kuanzia hapo yeye ndiye alikuwa bosi. Kila mpira wa maji ukapata namba mbili, moja kwenye mpira na nyingine pale ulipokaa. Kila hatua ikapigwa picha na simu kabla haijaguswa. Kwenye boksi akachora umbo la hedi kwa juu, akatoboa matundu 18, idadi ya bolti za hedi ya 3L, na kila bolti ikachomekwa kwenye tundu lake. Ukitaka kujua tofauti ya fundi na fundi maiko, usiangalie mikono, angalia boksi lake.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi. Kwanza waya hasi wa betri, maana spana ikigusa pabaya inakupa disko. Kisha maji yote chini, kwenye ndoo, mbali na kuku na mbuzi, maana kulenti ina ladha tamu na ni sumu. Kisha oili. Hapa kwetu watu wanaipenda oili chafu kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, sawa, ila isimwagwe karibu na kisima. Kisha mabomba ya mafuta ya kwenda kwenye nozo, na hapo kila mdomo ukazibwa na nailoni safi palepale. Vumbi la Mnero mwezi wa sita ni kama unga wa muhogo, linaingia kila pahala, na chembe moja ndani ya pampu ya dizeli inakula mkwanja kuliko hedi yenyewe.

Menifoldi za kuingiza upepo na kutoa moshi zikatoka. Kava la taimingi likatoka. Kabla ya kuvua belti tukazungusha injini kwa mkono hadi alama zote zikakaa mkao wake, Binamu akapiga picha, akachora kwenye daftari, halafu akapaka rangi nyeupe juu ya alama. Belti ya taimingi ndiyo inayoambia vavu zipande saa ngapi na pistoni ipande saa ngapi. Ukikosea meno mawili tu, vinagongana ndani, na kilio chake kinasikika hadi Ruponda.

Bolti za hedi hazifunguliwi kwa fujo. Unaanza za pembeni unakuja katikati, kila moja unalegeza kidogo, unazunguka tena, unalegeza kidogo. Ukimaliza moja yote kisha ukahamia nyingine, hedi inajipinda kwa sababu upande mmoja uko huru na mwingine bado umebanwa. Mshkaji alikuwa na hamu ya kutumia bomba refu juu ya spana, aonekane mbabe. Nikamwambia, "Kaka, hii sio Boxer, taratibu."

Hedi ikagoma kutoka. Hapo ndipo wengi wanachukua bisibisi wanaichomeka katikati ya bloku na hedi wanakoboa. Usithubutu. Ule uso umesawazishwa kwa mashine, mkwaruzo mmoja unakuwa barabara ya maji kupitia. Tukaigonga pembeni kwa nyundo ya mpira, ikaachia. Watu wawili, moja mbili tatu, ikanyanyuka, ikalazwa juu ya mbao mbili, sio juu ya mchanga.

Ufa mwembamba kuliko unywele

Gasketi ilikuwa imeliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu. Wa kwanza pale kijiweni akapiga kelele: "Si nilisema? Gasketi tu!" Na kweli, angekuwa mwenye haraka angeweka mpya akafunga. Hapo ndipo watu wanapigwa. Gasketi ikiungua ni kama homa, inakwambia kuna ugonjwa lakini haikwambii upi.

Tukakwangua mabaki kwa kipande cha plastiki, tukaosha kwa mafuta ya taa, tukafuta. Kisha rula ya chuma iliyonyooka ikawekwa juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na fila geji ikawa inajaribu kupita chini yake. Ikipita jani lenye unene unaozidi kiwango cha kitabu cha injini, hedi imepinda. Hedi iliyopinda kidogo unaweza kuipeleka mjini ikapigwe skimu, yaani ikwanguliwe kwa mashine mpaka inyooke. Ila kwa dizeli usikwangue kama unamenya kiazi, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na hedi ni ndogo mno, ndiyo maana injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti.

Yetu haikufika huko. Binamu alikuwa anamulika na tochi ya simu, akasema, "Huu mstari ni uchafu au?" Kati ya vavu mbili za silinda ya tatu palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Tukafuta, upo. Tukapaka mafuta ya taa, tukafuta juu, tukasubiri. Mafuta yakachuruzika polepole kutoka ndani ya mstari ule. Ufa.

Mjomba akaja jioni na kanzu ya msikitini. Tukamwamkia, tukamwonyesha. Akainama, akautazama ule mstari muda mrefu.

"Kwa hiyo kitu kisichoonekana hiki ndicho kimelala na mzigo wangu?"

"Ndiyo, mjomba. Hedi mpya."

Akauliza swali moja tu, na sikulijibu vizuri siku ile: "Imekufa kwa nini?"

Stori ya karanga

Hedi ikaagizwa Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kule ambako spea zimepangwa hadi barabarani. Tulituma picha ya namba zilizochongwa kwenye injini, sio maneno ya "ya Hilux ya zamani ile". Kuna njia tatu: hedi ya mtumba kutoka Japani, ambayo inaweza kuwa nzuri au ikawa na ufa uleule uliopakwa rangi, hedi mpya ya kopi, au hedi halisi ya kiwandani, ambayo bei yake inakufanya ukumbuke dini. Mjomba akachagua mpya ya kopi, kamili na vavu zake, pamoja na gasketi, belti na bolti mpya. Kifurushi kikapanda basi. Sisi tukapanda benchi kusubiri.

Na ukisubiri spea Nachingwea, lazima wazee wakuletee stori ya karanga. Babu mmoja wa kijiweni haachi. Kila mchuma ukifa, anasema, "Nyie mnalia na gari moja? Hapa yalikufa matrekta ya Malkia." Kitaalamu enzi ile alikuwa bado Mfalme, lakini kumsahihisha babu ni kukosa adabu.

Stori yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kula baada ya vita: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta yaliyotumika vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kuja Nachingwea. Mipango mikubwa, maneno mengi. Halafu mashine zikaanza kufa. Nyingi zilifika zikiwa zimechoka, spea hakuna, gereji hazitoshi, na watu waliopewa kuziendesha hawakupewa muda wa kuzijua. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa, na leo kilichobaki ni jina: Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na hakuna treni inayosimama.

Babu akimaliza hushusha pumzi. Mimi nilikuwa nikiichukulia kama stori ya wazee ya kupitisha muda. Safari hii ilinigusa pabaya, maana kila alichokisema kuhusu matrekta kilikuwa kinafanana na swali la mjomba. Ukiacha yale yaliyofika yamechoka, matrekta hayakufa kwa sababu ni mabovu. Yalikufa kwa sababu mtu aliamua jambo bila kuelewa mashine inavyofanya kazi. Nikarudi kwenye Hilux peke yangu, na tochi.

Kumtafuta muuaji

Sikiliza, mwanangu, hapa ndipo penye mchongo wote. Hedi haifi yenyewe. Inauawa na joto, na joto lina mtu aliyelileta. Ukifunga hedi mpya bila kumkamata muuaji, umempelekea mtu mwingine wa kuua.

Washukiwa wangu walikuwa watano. Rejeta: nje, mapezi yake yalikuwa yamezibwa na vumbi na mbegu za majani ya shambani, upepo haupiti hata kidogo. Mshukiwa mmoja huyo, ana hatia. Mfuniko wa rejeta: mpira wake bado mzima. Feni: inazunguka vizuri, haina mchezo. Pampu ya maji: haivuji, haina kelele. Mshukiwa wa tano: themostati.

Themostati ni kivavu kidogo kama kifuniko cha chupa chenye springi. Maji yakiwa ya baridi inafunga ili injini ipate joto haraka. Maji yakipata moto inafunguka ili yaende rejeta kupozwa. Nikafungua nyumba yake. Tupu.

Na nilijua tangu zamani kwamba ni tupu. Aliyeitoa ni mimi.

Miaka miwili nyuma, mjomba alilalamika mshale unapanda kidogo. Kijiweni tuna msemo wa kila fundi maiko: "Bongo joto, themostati ya nini? Hiyo ni ya Ulaya, itoe." Nikaitoa kwa dakika 20, mshale ukashuka, mjomba akaninunulia chipsi mayai. Nilijiona mkali kuliko wote.

Kitu nilichokuwa sikijui ni hiki. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati inafanya kazi mbili. Inapofungua njia ya rejeta, upande wake wa chini unaziba njia ya mkato ambayo maji hupitia kuzunguka ndani ya injini bila kufika rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Gari likiwa tupu, barabara tambarare, hutagundua. Mshale unaweza hata kushuka. Lipakie magunia, lipandishe kilima, mchana, maji mengi yanapita mkato, yanarudi injini yakiwa moto uleule. Ongeza rejeta iliyozibwa na mbegu. Hapo una mauaji, na polisi hawahitajiki.

Niliketi juu ya tofali. Uji ukapoa.

Kufunga: taratibu, tena kwa daftari

Kifurushi kilifika alfajiri. Hedi mpya nayo tukaipima kwa rula na fila geji, maana upya sio cheti. Vavu zake tukazijaribu kizamani: tukailaza kichwachini, tukamimina mafuta ya taa kwenye njia za upepo, tukaangalia kama yanavuja pembezoni mwa vavu. Yakakaa. Kamshafti tukahamisha ya zamani, tukapima nafasi za vavu, na vile visahani vya chuma vya unene tofauti tukavibadilishana na vya hedi ya zamani mpaka kila nafasi ikakaa kwenye kiwango.

Kabla ya kuweka gasketi, Binamu akamulika matundu ya bolti kwenye bloku. "Hili la saba lina maji." Mshkaji akasema hayo matone hayana neno. Yana neno kubwa. Bolti ikiingia kwenye tundu lenye maji au oili, kimiminika hakina pa kwenda, kinasukuma ukuta, bloku inaweza kupasuka. Utakuwa umenunua hedi na kuua bloku siku hiyohiyo. Tukanyonya kwa kitambaa kilichozungushiwa waya, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli, macho yamefumbwa.

Gasketi ikawekwa kavu, upande wa juu juu, matundu yote yakilingana. Ile tabia ya kupaka silikoni kila mahali kama siagi kwenye mkate, acha. Inapakwa pale tu kitabu kinaposema, vinginevyo inamenyeka, inaenda kuziba njia za oili.

Toki renchi tuliazima kwa fundi mmoja Nachingwea mjini, akabaki na simu ya Mshkaji kama dhamana. Ni spana inayopima nguvu unayokaza. Bila hiyo unakaza kwa hisia, na hisia za mtu aliyekula ugali asubuhi sio sawa na za aliyeshinda njaa. Bolti tukazilainisha kwa oili kidogo, tukaanza katikati kwenda nje, kinyume kabisa cha tulivyofungua. Kwa 3L unafika nyutoni mita 78 kwa awamu. Kisha Binamu akaweka nukta ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, tukazungusha kila moja robo ya mduara, tukarudi mwanzo, robo nyingine. Nukta 18 zikageuka zote zikaangalia nyuma. Injini nyingine zina namba zao, usibebe hizi ukapeleka kwenye Noah ya jirani.

Belti mpya, alama kwa alama, kisha tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Haikugonga popote. Rejeta tukaiosha kutoka ndani kwenda nje kwa maji ya taratibu, mbegu zikatoka za kupanda eka nzima. Oili mpya, chujio jipya, na maji yaliyochanganywa na kulenti, maana maji ya kisima peke yake yanaleta kutu na chumvi.

Ikabaki themostati. Mpya, ipo kwenye kifurushi, niliiongeza kwenye oda bila kusema. Lakini baada ya yote haya sikuwa na imani na kitu chochote kilichofungwa kwenye nailoni. Nikamwomba maza sufuria. Nikaitumbukiza themostati kwenye maji, nikaweka jikoni, nikaisubiri. Imegongwa namba 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Maji yalianza kutoa vijipovu, hayajachemka, kile kidude kikafungua mdomo chenyewe. Nikakitoa, kikapoa, kikafunga. Maza akasimama mlangoni: "Hiyo sufuria ndiyo ya mboga, unajua?" Nikaosha mara tatu.

Kukiri

Tukatoa upepo kwenye mafuta kwa kupampu juu ya chujio mpaka pakawa pagumu, tukalegeza nati za nozo, starta ikazunguka, dizeli ikachuruzika, tukakaza. Jaribio la pili, ikashika. Mlio wa dizeli iliyopona una raha yake, unaingia kifuani kama besi ya singeli. Mfuniko wazi, mapovu machache ya upepo uliobaki, kisha shwari. Tukaiacha dakika 20, mpira wa juu wa rejeta ukawa baridi, baridi, halafu ghafla moto: themostati imefunguka. Mshale ukasimama chini kidogo ya katikati, ukagoma kusogea.

Mjomba akaendesha hadi njia ya Ruangwa akarudi, tabasamu hadi masikioni. Alitaka kuwahi mechi ya Namungo nyumbani kwao Ruangwa wikiendi ile, sasa ana usafiri. Akashuka, akaweka mkono mfukoni, kijiwe kizima kikakaa sawa.

Nikamwambia kabla hajautoa. "Mjomba, uliuliza imekufa kwa nini. Niliiua mimi. Ile kitu niliyoitoa mwaka juzi."

Kijiwe kikanyamaza. Yule wa mhogo akaacha kutafuna. Mjomba akanitazama, akatazama Hilux, akanitazama tena.

"Kwa hiyo uliniulia gari, nikakununulia chipsi mayai?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na leo umelifufua kwa hela zangu?"

"Ndiyo, mjomba."

Akatoa mkono mfukoni, mtupu. Akampa Binamu noti mbili za wekundu, akasema hizo ni za daftari. Mimi akaniambia ufuta wa mwakani nitaubeba bure hadi ghala, halafu akaongeza, bila kucheka, kwamba fundi anayesema kweli hamfukuzi. VETA siku hizi wanapima ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti. Mimi nitaenda, ila cheti changu cha kwanza nimeshakipata pale, mbele ya watu, na hakikuwa na muhuri.

Juzi jamaa mmoja kaja na Noah. Mshale unapanda kidogo, anasema. "Nitolee tu themostati, mwanangu, Bongo joto." Mshkaji akaniangalia. Binamu akafungua daftari ukurasa mpya.

Nikaenda mlangoni kwa maza, nikapiga hodi kwa adabu.

"Maza, samahani. Naomba tena ile sufuria."